Pemba kwa Kalenda ya Maji: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Kisiwa cha Kijani

Wageni wengi huipangia Pemba ratiba ya mjini: leo hapa, kesho pale, keshokutwa kwingine. Kisha hufika pwani wakakuta bahari imetoka, mashua imekaa juu ya tope, na nahodha anawaambia wasubiri mpaka jioni. Kosa si la nahodha. Sehemu nzuri zaidi za Pemba ziko kwenye ukingo wa bahari, na bahari ya huku, siku za bamvu, yaani za maji makubwa, hupanda na kushuka karibu mita nne. Anayejua maji yanajaa saa ngapi atakiona kisiwa hiki kikamilifu hata kwa siku nne. Asiyejua anaweza kukaa wiki nzima akaondoka na picha za barabarani tu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na upepo, unafuata mwezi, na mahali pa kwenda panakuja baadaye.

Pemba iko kaskazini ya Unguja, umbali wa kilomita 50 hivi. Ina urefu wa takribani kilomita 67 na upana wa kilomita 23. Waarabu wa zamani waliiita Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na mpaka leo jina hilo linaifaa. Unguja kwa sehemu kubwa ni tambarare, ilhali Pemba ni vilima na mabonde, mpunga chini, karafuu na minazi juu. Kati yake na bara kuna mkondo wenye kina kinachofika karibu mita 800, na kina hicho kimekitenga kisiwa kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana kuna ndege, popo na mnazi-pori wa hapa ambao kwa asili huwezi kuwaona popote pengine duniani.

Hatua ya kwanza: chagua upepo

Mwaka wa Pemba una pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, joto ni kali na anga huwa safi. Kusi hushika kuanzia kama Juni hadi Septemba, hewa ni ya baridi kidogo na bahari ya wazi huchafuka. Katikati yake kuna masika, Machi mwishoni hadi Mei, na vuli, takribani Oktoba mwishoni hadi Desemba. Masika usije kwa ajili ya matembezi ya nje. Njia za udongo huteleza, msitu wa Ngezi hujaa maji, na siku mbili tatu zinaweza kupita bila jua kutoka.

Wakati ninaoupenda kuliko yote ni tangambili ya mwisho wa Septemba na Oktoba, kusi inapolegea na kaskazi haijashika. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na karafuu mara nyingi huwa zimeanza kuanikwa. Januari na Februari pia ni miezi mizuri, ila joto la mchana litakulazimisha kutembea asubuhi na alasiri tu. Ukija Julai au Agosti bado utafurahi, maana pwani ya magharibi ina ghuba na visiwa vidogo vinavyokinga, na ndiyo miezi nyangumi wanapopita katika bahari hii. Kubali tu kwamba kuna siku nahodha atakataa kutoka. Akikataa, msikilize.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu kabla ya kukata tiketi. Karibu Wapemba wote ni Waislamu. Mchana wa Ramadhani mikahawa hufungwa na si adabu kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani. Jioni za mwezi huo ni nzuri mno, futari ni tele na watu ni wakarimu, lakini safari za kutembea juani kutwa nzima hazipangiki vizuri.

Hatua ya pili: hesabu mwezi

Hapa ndipo pa kutulia. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kama leo maji yamejaa saa tatu asubuhi, kesho yatajaa karibu saa nne.

Bamvu huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu ni kama tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Maji mafu huja baada ya nusu mwezi, karibu tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25. Hapo bahari haipandi sana wala haishuki sana, mikondo hupungua nguvu, na maji hujaa katikati ya asubuhi.

Faida yake kwa mgeni ni hii. Siku za maji mafu ni za mashua, za kuogelea na kuangalia matumbawe. Siku za bamvu ni za kutembea kwa miguu pwani iliyokauka: mafungu ya mchanga, mabwawa madogo yenye samaki waliobaki, wanawake wanaotafuta pweza na chaza. Ukiwa na siku tano au sita, panga ufike siku moja au mbili kabla ya nusu mwezi. Safari ya kisiwa kidogo cha Misali iangukie kwenye maji mafu, na siku za mwisho maji yakianza tena kukua ziwe za kaskazini.

Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar linapatikana kwenye intaneti na kwenye programu za simu, na linatosha kwa kupanga. Ukishafika, thibitisha na mvuvi yeyote. Atakuambia saa bila kutazama simu.

Hatua ya tatu: kufika na kuweka kituo

Kuna ndege ndogo kutoka Dar es Salaam na Unguja hadi uwanja wa ndege wa Pemba, karibu na Chake Chake. Kutoka Unguja ni kama nusu saa angani, na ukikaa dirishani utaona jinsi pwani ya magharibi ilivyokatikakatika kwa ghuba, mikoko na visiwa. Boti hutia nanga Mkoani, kusini. Ratiba za boti hubadilika, hivyo uliza ofisini wiki ya safari yenyewe, usitegemee ulichosoma mwaka jana.

Bahari ya kutoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kuja Pemba ina mkondo mkali. Mwezi Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama njiani humo ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na familia nyingi za Pemba bado zinaomboleza. Ukifika bandarini ukaona chombo kimejaa kuliko inavyostahili, rudi ukalale ungoje kesho. Anayeumwa na bahari asile sana kabla ya kupanda na akae katikati ya chombo, sehemu ya chini.

Asiye Mtanzania aangalie mapema masharti ya bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Mtanzania achukue kitambulisho chake.

Kisiwa kina miji mitatu: Mkoani kusini, Chake Chake katikati, Wete kaskazini-magharibi. Ushauri wangu ni kulala Chake Chake nusu ya kwanza ya safari, kisha kuhamia kaskazini, Konde au Makangale, nusu ya pili. Wanaong'ang'ania kituo kimoja hutumia saa nyingi garini kila siku, na hukosa saa mbili bora za pwani ya kaskazini, alfajiri na magharibi. Daladala zinaunganisha miji yote mitatu pamoja na Konde, ni za bei ndogo na zinajaa mazungumzo, lakini hupungua sana jua likitua. Kwa msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi kodi gari au pikipiki yenye dereva wa hapo hapo. Chukua fedha taslimu za kutosha ukiwa Chake Chake, maana vijijini mashine za kutolea pesa hazipo.

Hatua ya nne: siku ya Misali

Kama una siku moja tu Pemba, ipe Misali. Ni kisiwa kidogo, eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba, magharibi ya Chake Chake, kwenye ukingo wa ule mkondo wenye kina kirefu. Katikati ni msitu juu ya jiwe la matumbawe, pembeni ni mchanga mweupe, na mwamba unaokizunguka una matumbawe ya aina nyingi.

Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapa akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao, naye akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Heshima hiyo haikubaki kwenye hadithi. Miaka ya 1990 palipotokea mpango wa kukigeuza kuwa cha hoteli, wavuvi walipinga, na mwaka 1998 Misali ikafanywa eneo la hifadhi ya bahari ambalo wavuvi wanaendelea kulitumia kwa utaratibu. Uvuvi wa baruti ulipokuwa ukiharibu mwamba, mafunzo ya hifadhi yaliyojengwa juu ya Kurani yalipelekwa kwa wavuvi kupitia viongozi wao wa dini. Mgeni anayelipa kiingilio pale anachangia kazi iliyoanzishwa na watu wenyewe, kwa hiyo lipa kwa moyo mkunjufu na udai stakabadhi.

Sasa utaratibu wenyewe. Siku moja kabla, tafuta mashua Wesha, bandari ndogo magharibi ya mji. Zamani majahazi yaliingia mpaka Chake Chake, lakini mkono ule wa bahari umejaa tope na mikoko na hukauka maji yakipwa, ndiyo maana safari huanzia Wesha. Kabla ya kupatana bei, tazama mambo matatu kwa macho yako: mashine na kama kuna mafuta ya akiba, jaketi za uokozi kwa idadi ya watu wenu, na kivuli. Bei kubalianeni kwa mashua nzima, kwenda na kurudi pamoja na kusubiri, na semeni wazi saa ya kurudi. Uliza pia nani analipa kiingilio cha hifadhi, wewe au mwenye mashua. Swali hilo moja huondoa ugomvi mwingi.

Ondokeni saa mbili asubuhi. Siku ya maji mafu mtafika maji yakiwa yanapanda, na mashua itasogea karibu na ufukwe wa Mbuyuni, ambako kuna ofisi ya walinzi. Jiandikishe, kisha ingia baharini kwanza, msitu uache baadaye. Saa moja kabla na saa moja baada ya maji kujaa ndiyo nzuri kuliko zote: mkondo umesimama, mchanga haujatibuka, na jua liko juu vya kutosha kuangaza chini. Vaa miwani na mrija, elea juu, miguu iwe nyuma yako na isiguse chini. Tumbawe lililovunjwa kwa kiatu huchukua miaka kurudi. Asiyejua kuogelea avae jaketi ya uokozi na ashike kamba ya mashua. Bado ataona karibu kila kitu, kwa sababu hapa matumbawe huanzia maji yasiyozidi kimo cha mtu.

Jua likiwa kali, ingia msituni na mlinzi. Kuna njia fupi zinazopita kwenye mapango, na baadhi ya mapango hayo ni mahali pa ibada na dua. Ukikuta ubani, vitambaa au vyombo vilivyoachwa, usiguse na usipige picha bila kuuliza. Muombe mlinzi akuonyeshe kaa wa minazi, kaa mkubwa kupita wote wa nchi kavu, ambaye kwa kawaida hutoka usiku na mchana hujificha kwenye mashimo ya mawe. Pwani ya magharibi kasa na ng'amba hupanda kutaga mayai. Ukiona alama ya shimo la mayai, zunguka mbali. Nyama ya kasa usile hata ukikaribishwa: ni kosa kisheria, na inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki Kisiwa Panza baada ya kuila.

Hakuna duka wala hoteli kisiwani. Beba maji lita tatu kwa kila mtu, chakula, na mfuko wa kurudishia taka zote, hata maganda ya ndizi.

Wakati wa kurudi, kama maji bado yako juu, mwambie nahodha apitie Ras Mkumbuu, ile rasi ndefu iliyo kaskazini ya ghuba ya Chake Chake. Kuna magofu ya msikiti mkubwa wa kale na makaburi ya mnara, mabaki ya mji wa Waswahili wenye karne nyingi. Kwa barabara ni taabu, sehemu ya mwisho ni miguu. Kwa mashua ni rahisi, ila tu maji yakiwepo. Yakishapwa utavuka tope refu ukibeba viatu mkononi. Siku ambayo hesabu haikubali, iache. Misali isikatizwe kwa ajili ya Ras Mkumbuu.

Hatua ya tano: kaskazini, siku mbili kama unaweza

Ras Kigomasha ndiyo ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, na katika kipande hicho kimoja kuna msitu, fukwe mbili zinazopeana mgongo, na mnara wa taa. Njia ni Chake Chake hadi Konde kwa lami, kisha barabara ya Makangale inayoingia moja kwa moja ndani ya msitu wa Ngezi. Ghafla minazi na mihogo vinaisha, miti inafunga juu ya barabara, joto linashuka.

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu wa namna hii. Mingi ilikatwa kupisha mikarafuu, na Ngezi, yenye hekta 1,440 hivi, ndiyo kipande kikubwa kilichobaki. Simama kwenye ofisi ya hifadhi, lipa, chukua muongozaji. Usiingie peke yako, kwa sababu bila yeye utaona kijani kitupu. Yeye atakuonyesha mvule uliosimama tangu kabla ya babu zetu, na mpapindi, mnazi-pori ambao asili yake ni Pemba tu. Atasikia ndege kabla hujamwona: ninga wa Pemba mwenye rangi ya kijani, na chozi wa Pemba mdogo anayemetameta. Kuna tumbili, paa wadogo wanaokimbia kabla hujageuza shingo, na kima punju wachache, wajukuu wa wale walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

Ingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi alasiri. Saa sita mchana msitu hulala. Na kama moyo unakuruhusu, muombe muongozaji matembezi ya usiku, ili usikie bundi wa Pemba akiita kwa sauti moja fupi anayoirudia na mwenzake akimjibu ng'ambo ya pili. Mpango huo ufanywe mchana, na uvae suruali ndefu na viatu vilivyofungwa. Ndani ya msitu kuna mizimu, sehemu ambazo wenyeji huzifagia na kuziheshimu. Ukiambiwa usipite mahali, usipite.

Ukitoka msituni, upande wa mashariki wa rasi ni Vumawimbi: mchanga mweupe wa kilomita kadhaa, msitu nyuma yake, na siku nyingi hakuna mtu isipokuwa wavuvi wanaoshona nyavu. Kwangu huu ndio ufukwe mzuri kuliko wote Zanzibar, nami nasema hivyo nikijua watu wa Nungwi na Paje watanipinga. Hapa bamvu ni neema. Njoo maji yanapotoka, katikati ya asubuhi, utembee juu ya mchanga mgumu wenye mikunjo ya mawimbi mpaka uchoke, kisha uoge maji yakirudi mchana. Hakuna kibanda cha chakula wala mlinzi wa waogeleaji, hivyo usiende ndani peke yako. Kaskazi ikivuma kwa nguvu ufukwe huu huupokea upepo usoni na bahari huchafuka. Siku hiyo vuka upande wa pili wa rasi, Verani, uliokingwa, na ambako jua hutua baharini.

Mwisho wa barabara ni mnara wa taa wa Kigomasha, uliojengwa na Waingereza mwaka 1900. Muombe mlinzi kwa heshima, umpe chochote cha shukrani, upande ngazi nyembamba za chuma. Juu utaona bahari mbili kwa mkupuo mmoja, mkondo wa Pemba wa buluu nzito kushoto na maji ya kijani ya mwamba kulia. Mwenye kizunguzungu cha kimo abaki chini, kwani ngazi ni za kusimama na nafasi ni ndogo.

Wakati wa kwenda au kurudi, pitia Tumbe, kijiji kikubwa cha wavuvi mashariki ya Konde. Mnada wa samaki hufuata vyombo vinavyoingia, kwa hiyo uliza usiku uliotangulia saa ya kuwahi. Maji yakiwa yametoka, samaki hubebwa kwa miguu kutoka mbali, wanaume wakitembea ndani ya maji ya magotini na vikapu mabegani. Simama pembeni usiwazibie njia, na kama unataka samaki, nunua.

Hatua ya sita: mambo ambayo bahari haiyaamui

Haya yaweke kwenye saa ambazo maji hayakubali, au siku ya upepo.

Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, ni makao ya popo wa Pemba, popo wakubwa wala matunda ambao mabawa yao yakifunuliwa hukaribia mita 1.6. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno, wameliwa na misitu yao imekatwa. Vijiji vikaamua kuwalinda, na leo wanahesabiwa kwa maelfu. Nenda alasiri, utembee kimya, usipige makofi kuwarusha ili upate picha. Mama popo anayeruka mchana akiwa na mtoto anaweza kumdondosha. Ngoja magharibi, wataruka wenyewe.

Karafuu huhitaji msimu, lakini ukibahatika utaijua kwa pua kabla ya macho. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu. Wachumaji hupanda juu kabisa ya matawi membamba, jioni familia hukaa kuchambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, na asubuhi majamvi hutandazwa juani, mara nyingi kando ya lami. Mwambie dereva apunguze mwendo na asikanyage jamvi. Ukikaribishwa kuchambua, kaa, chambua. Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo ambako mafuta ya karafuu, mchaichai na mdalasini hukamuliwa kwa mvuke. Uliza kama wanapokea wageni siku hiyo. Ziara ni fupi lakini harufu inabaki kwenye nguo.

Magofu ya Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, ni ngome ya karne ya 15 inayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi yanasema aliwalazimisha watu kubeba mawe wakijisogeza kwa makalio. Kilichobaki ni kuta zilizomezwa na miti, ngazi za kushuka chini ya ardhi, na kisima. Bila msimulizi ni mawe tu, kwa hiyo uliza kijijini mzee wa kukupeleka. Mchezo wa ng'ombe, ambao Wapemba wameucheza kwa vizazi bila kumuua ng'ombe, huchezwa wakati wa kiangazi na hauna ratiba ya kudumu. Uliza kila unapopita, na ukisikia unachezwa, badilisha mipango yako uende.

Kuhusu kupiga mbizi kwa mtungi nitasema kidogo. Kuta za mwamba upande wa magharibi ni maarufu duniani, lakini katika milango ya visiwa, kama Njao na Fundo, mkondo hukimbia sana maji yakiingia na kutoka. Anayeanza ajifunze kwingine. Mzoefu achague siku za maji mafu.

Adabu na mzigo

Ufukweni vaa upendavyo ukiwa Misali au hotelini. Vijijini na mjini mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia wasitembee vifua wazi. Kanga moja mkobani hutatua mengi. Mkubwa mwamkie shikamoo, na mbele ya mlango wa watu piga hodi usubiri. Ukitaka kukaa muda mrefu kijijini, kupiga picha nyingi au kuzuru magofu yasiyo na mlinzi, anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Dakika kumi za kujitambulisha kwake zitakufungulia milango siku nzima. Wanawake walio pwani wanatafuta pweza wako kazini, basi omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha, na ukikataliwa shukuru uendelee.

Mfukoni weka viatu vya kutembelea majini, kwa sababu ya mashetani, wale viumbe weusi wa miiba walio kwenye miamba. Ongeza tochi, dawa ya mbu na chandarua kama unapolala hakuna, kofia, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, na mfuko usiopitisha maji kwa simu. Miwani na mrija njoo navyo mwenyewe, vya kuazima mara nyingi huvuja.

Siku ya kuondoka

Aliyepiga mbizi kwa mtungi aache angalau saa 18, na saa 24 ni salama zaidi, kabla ya kupanda ndege. Anayesafiri kwa boti alale Mkoani au Chake Chake usiku wa mwisho, asijaribu kutoka Makangale alfajiri. Karafuu za zawadi nunua kidogo, dukani, na utunze stakabadhi, kwa sababu biashara ya karafuu iko mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC, na magendo yake hufuatiliwa kwa ukali bandarini na uwanjani. Makombe, matumbawe na magamba ya kasa usibebe hata kipande, nunua halua badala yake, uifunge vizuri kwenye mfuko wa mkononi.